Lisikilize Gitaa Kabla ya Kulilipia

Leo nasema na watu wa gitaa zito la besi: anayetafuta la kwanza, anayetaka kubadili alilonalo, na anayeuza kwa sababu ada ya shule imefika au kwa sababu amepata lingine. Nasema nao wote kwa pamoja kwa kuwa soko hili ni la watu walewale. Anayenunua leo ndiye atakayeuza mwakani. Neno langu kuu nalitoa mapema, ili hata anayetoka sasa hivi kwenda kazini aondoke nalo. Kwa mpigaji mwenye pesa za kawaida, besi iliyotumika na kutunzwa, ikiuzwa na mpigaji mwenzake anayesema kweli, huishinda karibu kila mara besi mpya ya bei ya chini. Ila soko la namna hiyo linahitaji mnunuzi anayejua kukagua na muuzaji asiyeficha, na hao wawili ndio ninaowatafuta leo.

Kwa miaka mingi mpiga besi wa Tanzania hakuhitaji kujua bei ya gitaa. Vyombo vilikuwa vya wenye bendi. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Mlimani Park, kuanzia mwaka 1983, ilikuwa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo ile DDC tunayoitaja hadi leo. Mwanamuziki alipohama bendi, na walihama sana, aliondoka na vidole vyake. Magitaa, amplifaya na ngoma vilibaki stoo. Wapigaji hodari walizeeka katika kazi bila kuwa na gitaa lao wenyewe nyumbani.

Sasa mambo ni mengine. Hoteli inataka mpigaji aje na chombo chake. Kijana aliyejifunzia kwaya ya kanisani akiitwa kupiga kwenye harusi, swali la kwanza ni: una gitaa? Kwa hiyo vijana wananunua, madukani Kariakoo, Luthuli Avenue kule Nairobi, au kwa ndugu aliyeko Ulaya au Dubai anayerudi likizo. Wananunua kwa pesa walizozitafuta kwa jasho, tena wengi bila mtu wa kuwaonyesha kitu cha kutazama. Hilo ndilo linalonifanya nilizungumzie jambo hili kwa urefu.

Na chombo chenyewe kinastahili. Chukua “Sina Makosa” ya Les Wanyika, ambayo besi yake ilipigwa na Tom Malanga. Mtu anaweza kuuguna mstari wa besi peke yake, bila neno hata moja, na aliye karibu naye akautambua wimbo. Mwimbaji anasifiwa, mpiga solo anatunzwa, lakini ikikosekana besi wachezaji wanarudi kwenye viti. Chombo chenye kazi hiyo hakinunuliwi kwa kukisia.

Gitaa la besi la umeme tunalolijua lilitoka mikononi mwa fundi wa redio. Leo Fender alikuwa na karakana ya kutengeneza redio huko Fullerton, California, na yeye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Mwaka 1951 alitoa besi aliyoipa jina la Precision. Kabla ya hapo wapiga besi wa Marekani walitegemea lile besi kubwa la kusimama, ambalo vikundi vya taarabu vya Unguja vinalo hadi leo. Lina sauti tamu, lakini ni mzigo kulisafirisha, tarumbeta zikianza linazama, na shingo yake haina freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza shingo, hivyo kidole kikiteleza kidogo noti inakwenda upande. Fender aliweka freti, akatia pikapu ya kunasa mtetemo wa nyuzi, akafanya chombo cha kubebwa begani.

Jambo ninalomheshimia zaidi ni la kifundi. Shingo aliifunga kwenye kiwiliwili kwa skrubu nne, akaviweka vifundo vya sauti, nyaya na pikapu mahali ambapo fundi yeyote anafika kwa bisibisi. Alijenga chombo cha kutengenezeka, na makampuni mengi yaliyomfuata yakashika njia hiyohiyo. Ndiyo maana besi ya miaka 30 inaweza kufanya kazi leo kama ilivyofanya siku ilipotoka dukani. Nyuzi zikichoka unabadili. Vifundo vikikwaruza vinasafishwa. Jeki ikilegea inakazwa au inawekwa nyingine. Freti zikiliwa, fundi anazisawazisha. Vyote hivyo ni vya kupunguziana bei, wala si vya kukukimbiza.

Visivyotengenezeka kwa bei ya maana ni vichache: shingo iliyopinda kwa kujisokota, kichwa kilichopasuka, na kile chuma kirefu cha ndani ya shingo kikiwa kimekatika au kimegoma kuzunguka. Chuma hicho ndicho kinachoshindana na nguvu ya nyuzi zinazoivuta shingo mchana na usiku. Mnunuzi anayevikagua hivyo vitatu kwa makini amekwisha kujilinda na hasara kubwa. Rangi iliyochubuka na mikwaruzo ya mkanda ni mambo ya macho.

Kabla ya kwenda kukagua, jua unatafuta nini. Swali la kwanza ni mkono wako. Besi nyingi zina nyuzi zenye urefu wa inchi 34, yaani kama sentimita 86, kutoka kidaraja hadi pale zinapoingia kichwani. Zipo fupi zaidi, za inchi 30, kama sentimita 76, nazo zinamfaa sana kijana mdogo au mtu mwenye vidole vifupi. Hakuna unyonge wowote katika hilo. Besi ya Höfner yenye umbo la fidla, aliyotambulika nayo Paul McCartney wa Beatles, ni ya shingo fupi. Tazama pia upana wa shingo. Precision ya jadi ina kama milimita 44 pale juu kabisa, wakati Jazz Bass, ambayo Fender aliitoa mwaka 1960, ina kama 38. Milimita sita ukizisoma ni kidogo, lakini mkono unazijua tangu noti ya kwanza. Ibanez za aina ya SR zina shingo nyembamba zaidi kwa unene, na wenye kupiga haraka huzipenda.

Swali la pili ni idadi ya nyuzi. Wapigaji wengi wa muziki wa injili siku hizi wanataka tano, kwa sababu ule wa tano unashuka hadi B ya chini na kuijaza nyumba. Ushauri wangu kwa mwenye pesa chache ni kuchukua nyuzi nne. Uzi wa B unahitaji shingo imara na kazi nzuri ya kiwandani. Kwenye gitaa la bei rahisi unalegea, na noti zake hazieleweki. Besi nzuri ya nyuzi nne itakufikisha kwenye dansi, taarabu, rege na kwaya bila upungufu wowote.

La tatu ni pikapu na umeme wake. Precision, kwa muundo wa pikapu ulioanza mwaka 1957, ina sauti moja nene inayokaa vizuri chini ya bendi nzima. Jazz Bass ina pikapu mbili, na ukizichanganya unapata sauti nyingi, kuanzia ile ya mviringo hadi ile inayokwaruza kidogo na kusikika katikati ya magitaa mengine. Halafu kuna besi zenye betri ya volti 9 ndani, ambazo zinakuza besi na treble kabla sauti haijafika kwenye amplifaya. Ni nzuri, lakini ukiacha waya umechomekwa betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi, na ikiisha katikati ya ibada au harusi gitaa linanyamaza. Kwa anayepiga mahali ambapo hata kupata betri ni safari, ile isiyo na betri ina amani zaidi.

Sasa twende kwenye ukaguzi wenyewe. Umefika kwa muuzaji, mchana, mahali penye mwanga. Usichomeke waya kwanza. Linyanyue gitaa, uliweke jicho lako kichwani mwake, utazame shingo kwa urefu wake kuelekea kwenye kiwiliwili, kama mtu anayelenga bunduki. Kingo mbili za shingo zinatakiwa zikubaliane. Ukiona upande wa uzi mnene umeinuka na upande wa uzi mwembamba umelala, shingo imejisokota. Mshukuru mwenye gitaa, uage. Ugonjwa huo dawa yake inazidi bei ya mgonjwa.

Kingo zikikubaliana, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ubonyeze pale shingo inapokutana na kiwiliwili. Uzi sasa umekuwa rula. Tazama katikati, karibu na freti ya saba au ya nane: kati ya uzi na freti panatakiwa pawe na upenyo mdogo, kiasi cha unene wa kadi ya biashara. Upenyo ukiwa mkubwa, shingo imevutwa mbele na nyuzi. Usipokuwapo kabisa, shingo imerudi nyuma. Yote mawili yanarekebishika, ikiwa kile chuma cha ndani kinafanya kazi. Mwombe mwenye gitaa akizungushe robo tu ya mzunguko mbele yako, kisha akirudishe. Akizungusha na shingo ikaitikia, umepata jibu. Akikataa katakata, nalo ni jibu. Wewe mwenyewe usikiguse, maana gitaa bado si lako.

Baadaye piga kila uzi kwenye kila freti, taratibu, bila kuruka hata moja. Ni kazi ya dakika chache. Unatafuta freti inayozizima kama nyuki na noti inayokufa upesi. Kwenye besi nyingi za shingo ya skrubu, uzi wa G kati ya freti ya tano na ya saba huwa na mahali ambapo noti inafifia mapema kuliko jirani zake. Mnunuzi mgeni hudhani gitaa limeharibika. Ni tabia ya mti: shingo inatikisika pamoja na noti hiyo na kuimeza. Hata besi za bei kubwa zinayo. Jiulize tu kama inavumilika katika nyimbo unazozipiga.

Nenda freti ya 12. Gusa uzi juu yake bila kuubonyeza, upige ile noti ya kengele, kisha ubonyeze palepale upige noti ya kawaida. Programu ya simu ya kutyuni itakuonyesha kama zinalingana. Zisipolingana, fundi anasogeza vipande vya kidaraja nyuma au mbele, na nyuzi zilizochoka nazo huleta kasoro hiyohiyo. Hapo ni pa kuomba punguzo dogo.

Ndipo uchomeke waya. Zungusha vifundo vyote hadi mwisho. Mkwaruzo ni vumbi, na dawa yake ni rahisi. Tikisa waya kwenye jeki usikie kama sauti inakatika. Kwenye Jazz Bass, ukipunguza pikapu moja utasikia mvumo, na ukizifungua zote mbili sawasawa mvumo unatoweka. Hiyo ni asili yake, usimlaumu muuzaji. Kama besi ni ya betri, fungua kifuniko uone kama betri iliwahi kuvuja na kula vyuma vya ndani.

Hapa nataka niseme kwa mkazo. Uzi wa E wa besi ukiachwa wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo. Unachosikia kwenye video uliyotumiwa na muuzaji ni sauti za juu zinazoandamana na noti, noti yenyewe haimo. Kwa hiyo video, hata iwe safi namna gani, inakuonyesha rangi ya gitaa na mikono ya mpigaji basi. Nenda ukalisikie kwenye amplifaya ya besi, vifundo vya amplifaya vikiwa katikati, kwa sauti ya wastani. Na usitume pesa kwa simu kwa ajili ya gitaa ambalo wewe, au mtu unayemwamini, hajaligusa.

Mwisho wa ukaguzi, livae. Simama nalo kwa mkanda robo saa nzima. Besi nyingi ni kati ya kilo tatu na nusu na nne na nusu, na tofauti ya kilo moja begani ifikapo saa sita za usiku ni tofauti ya kuendelea kupiga au kukaa chini. Iachilie shingo uone kama kichwa kinaanguka kuelekea sakafuni. Kikianguka, mkono wako wa kushoto utafanya kazi mbili, kupiga na kubeba, na utachoka kabla ya muziki.

Sasa bei. Katika ulimwengu wa besi kuna bei ya historia na bei ya kazi, na ni vyema kuzitenganisha. Mwezi Januari 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa CBS kwa dola milioni 13, na tangu hapo wakusanyaji wamekuwa wakizitafuta besi zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo na kuzilipia pesa nyingi. Bei hiyo ni ya historia. Anayelipa anapata kumbukumbu, tena ni haki yake. Lakini kwa mpiga bendi wa Mwanza au Mombasa, umri hauongezi noti. Mfano mzuri ni zile Squier za mwanzo zilizotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1982. Ziliuzwa kama besi za bei nafuu, ila mikono iliyozitengeneza ilikuwa mizuri, na leo wajuzi wanazitafuta. Waliozinunua wakati ule kwa kuiamini mikono yao wenyewe walipata zaidi ya walichokilipia.

Kwa hiyo usilipie jina lililo kichwani peke yake. Jina hilo mara nyingi ni karatasi nyembamba iliyobandikwa na kupakwa vanishi, na yeyote mwenye nia mbaya anaweza kuibandika juu ya gitaa la bei ya chini. Tazama namba ya chombo, ulinganishe na aina inayodaiwa. Tazama umbo la kichwa, vigingi, kidaraja. Muuzaji akiridhia, fundi afungue shingo atazame mihuri ya ndani. Ukibaki na shaka, lipa bei ya gitaa lisilo na jina, au uache.

Namna ya kufikia bei ya haki ni hii. Tafuta bei ya besi mpya ya aina ileile, uongeze usafiri, ushuru wa forodha na VAT, ambayo Tanzania ni asilimia 18 na Kenya asilimia 16. Hapo unajua mpya ingekufikia kwa kiasi gani. Kisha punguza kwa ajili ya umri na matumizi, na upunguze gharama ya yale unayolazimika kutengeneza. Kumbuka nyuzi za besi ni ghali. Wapigaji wengi huzichemsha kwa maji ili zirudishe ung'avu, na zinarudisha kweli, ila kwa muda mfupi. Weka kando pesa za seti mpya, mkanda, waya na mfuko wenye pamba nene. Aliyetumia shilingi yake ya mwisho kwenye gitaa tupu analibeba mgongoni mvua ikinyesha.

Nimgeukie muuzaji. Ndugu yangu, taja kasoro kabla ya kutaja bei. Sema freti ya tisa inazizima, sema pikapu ya mbele ilibadilishwa, sema rangi si ya kiwandani. Gitaa lililotengenezwa halina aibu. Aibu iko kwenye kuficha. Wapiga besi wanajuana. Ukimwuzia kijana wa kwaya gitaa lenye shingo mbovu, mwezi haujaisha habari imefika kwenye kila bendi, na siku utakapotaka kuuza lingine hutapata wa kukujibu. Ukimweleza kila kitu akalipa kwa kujua, atakuletea na rafiki yake.

Hifadhi vifaa vya asili unapobadilisha. Ukitoa pikapu ya zamani uiweke kwenye bahasha, umpe mnunuzi pamoja na gitaa. Mpe nafasi ya kulipiga bila kumharakisha. Na wewe mnunuzi, mheshimu muuzaji: usije kulipiga saa nzima wakati huna nia, wala usikubaliane bei kisha ufike na pungufu. Mkishikana mikono, andikeni hati ya mauziano, karatasi moja tu, yenye aina ya gitaa, namba yake, kasoro zilizotajwa, kiasi kilicholipwa, tarehe na sahihi ya shahidi. Tunaiandika kwa pikipiki na kiwanja; gitaa la mtu aliyeweka akiba mwaka mzima linastahili vilevile.

Uhakikishe pia kwamba anayeuza ndiye mwenye mali. Gitaa la kwaya ni mali ya kanisa, na la bendi ni la mwenye bendi, hata kama limekaa chumbani kwa mpigaji miaka mingi. Ukinunua bila ridhaa ya kamati au ya mwenyewe umenunua kesi.

Wizi wa magitaa ni jeraha la zamani duniani kote. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, aliibiwa Precision yake ya mwaka 1962 siku chache kabla ya kufariki dunia mwaka 1983, na haijaonekana hadi leo. McCartney aliinunua Höfner yake Hamburg mwaka 1961 kwa pauni kama 30. Ikaibwa London mwaka 1972 ndani ya gari. Ilikaa kusikojulikana zaidi ya miaka 50. Watu waliojitolea kuitafuta waliomba umma habari, mtu akajitokeza, wataalamu wakalilinganisha gitaa lililokutwa darini na picha na alama zake za zamani, na mwezi Februari 2024 ikatangazwa kwamba limerudi kwa mwenyewe. Jina kubwa lilisaidia, lakini kilichothibitisha ni alama na picha. Sisi tusio na majina makubwa tunazihitaji zaidi.

Kuhusu usafirishaji, wengi hapa kwetu tunatuma kwa basi. Legeza nyuzi kidogo, usizitoe zote. Zungushia kichwa na shingo nguo au sponji nzito, maana sehemu hiyo ndiyo inayovunjika mzigo ukiangukia, hasa kwenye magitaa ambayo kichwa kimeinama kwa nyuma. Andika pande zote za boksi, na mpokeaji alifungue mbele ya wakala. Kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, hewa ya chumvi inakula nyuzi na skrubu; pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga.

Kwa wanaoagiza kutoka nje kuna jambo la miti. Mpingo wetu, mti wa taifa la Tanzania, una ndugu zake wa Brazil na India ambao mbao zao zimetumika sana kutengeneza uso wa shingo za magitaa. Tangu tarehe 2 Januari 2017 jamii hiyo yote iliwekwa chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na mwishoni mwa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikapewa unafuu. Ule wa Brazil peke yake unalindwa vikali tangu mwaka 1992, na gitaa la zamani lenye mbao hiyo halivuki mpaka bila kibali. Kutokana na masharti hayo viwanda vilianza kutumia miti mingine, kwa hiyo ukikuta besi ya karibuni yenye uso wa mti usioufahamu, usikimbilie kusema ni feki.

Wapenzi wasikilizaji, yapo magitaa mengi ya besi katika nchi zetu yaliyolala chini ya vitanda na nyuma ya makabati, ya watu walioacha kupiga au waliopata mengine. Na wapo vijana wenye sikio na bidii wanaosubiri zamu ya kushika gitaa la kanisa Jumamosi kwa Jumamosi. Ninaomba mwenye gitaa asilolitumia alitoe, alipeleke kwa fundi lirekebishwe, aliuze kwa bei ya kazi kwa kijana atakayelipiga. Na kila mwenye besi anayenisikia afanye jambo moja leo: apige picha ya gitaa lake mbele na nyuma, aandike namba yake kwenye karatasi pamoja na mwaka aliolinunua na mahali, na karatasi hiyo aitunze mbali na gitaa. Siku ya kuuza itampa bei, na siku ya kuibiwa itampa ushahidi.